Safari ya Kwenda Kuipima Bandari ya Reli

Mkoa wa Geita una dhahabu, una fukwe za Ziwa Victoria, una barabara za lami zinazopita malori usiku na mchana, lakini hauna reli. Mtoto anaweza kuzaliwa Katoro, akasoma mpaka darasa la saba, akawa anatofautisha kwa mlio tu greda na kijiko cha mgodini, na asiwe amewahi kuona kichwa cha treni kwa macho yake. Kijana wa kaka yangu ni mmoja wa watoto hao. Ndiyo maana nilishangaa aliponiambia kwamba likizo hii anajenga bandari ya reli.

Sababu anayo. Babu yake, marehemu baba yetu, alifanya kibarua cha kubeba marobota ya pamba bandarini Mwanza Kusini katika miaka ya 1960, na mpaka anafariki hakuchoka kusimulia habari za meli iliyokuwa ikimeza mabehewa. Si mizigo iliyoshushwa kutoka kwenye mabehewa, bali mabehewa yenyewe na magurudumu yake, yakiingia tumboni mwa meli kwa reli na kutokea Kisumu bila gunia hata moja kuguswa. Mjukuu aliisikia hadithi hiyo akiwa mdogo sana, ikamkaa.

Vifaa navyo vilijileta. Katika mnada wa mitumba kaka yangu alinunua kiroba cha vitofali vya plastiki vya LEGO, vile vyenye vichwa vidogo vya duara juu, vinavyoshikana kwa kubanana bila gundi wala msumari. Kampuni inayovitengeneza, ya mji wa Billund huko Denmark, iliwasilisha ombi la hataza ya tofali hilo tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo linashikana vizuri na la leo. Treni zake za kwanza zenye mota zilitoka mwaka 1966, zikitembea juu ya reli za plastiki za buluu kwa betri za volti 4.5. Ndani ya kiroba chetu mlikuwa na vipande kadhaa vya reli hizo za buluu, magurudumu ya treni, na watu wa plastiki wasiozidi sentimita nne kwa urefu. Mota haikuwamo, lakini mota si tabu katika banda la kaka, ambaye ni fundi redio. Kaka ana boksi zima la mota alizozichomoa kwenye redio za kaseti na deki za DVD zilizokufa, na kijana amekua akizichezea.

Wakakubaliana kwamba bandari iwe ya mwaka 1966 hivi, bandari ya babu: vichwa vya treni vyenye rangi nyekundu iliyoiva ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, pamba gatini, meli ya mabehewa ikisubiri. Kwa wiki kadhaa kazi ilikwenda vizuri. Kisha ikasimama mahali pamoja. Reli iko nchi kavu, haitikisiki. Meli iko majini, inapanda na kushuka, inalala kushoto na kulia. Behewa lenye tani nyingi linavukaje kutoka kwenye kitu kilichotulia kwenda kwenye kitu kinachoelea bila kuacha njia? Kijana alichora ubao wa kuvukia. Kaka akasema lazima kuna minyororo. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na niliona kwamba jibu la swali lile halipo mezani kwetu wala daftarini. Tukafunga safari, mimi na kijana.

Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda treni. Kwa basi, Geita na Mwanza siku hizi ni karibu, lakini nilikataa njia hiyo kwa kwenda. Bandari ya reli haianzii majini. Inaanzia mbali huko ndani, kwenye stesheni zinazokusanya mzigo, na anayetaka kuielewa afike na treni kama mzigo wenyewe unavyofika. Kwa hiyo tuliteremka kusini, tukapita Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, tukaingia Kahama, na kutoka Kahama tukashika barabara ya Shinyanga.

Isaka ilitusimamisha. Nilikuwa nimemwahidi kijana kwamba tutaona bandari kabla ya kufika ziwani, naye alidhani namtania. Pale Isaka pana bandari kavu: makontena yanafika kwa reli kutoka Dar es Salaam, yananyanyuliwa kutoka kwenye mabehewa na kuwekwa juu ya malori, kisha malori yanashika njia ya Rwanda na Burundi. Tuliangalia kwa nje ya uzio, vumbi likitufunika kila lori lilipopita.

"Shangazi, sasa bandari bila maji ni bandari gani?"

Nikamwambia atazame kinachofanyika, asitazame maji. Mzigo unaacha chombo kimoja na kuingia kingine. Hapo ndipo penye bandari, na hapo ndipo penye gharama. Kila kontena linapobadili chombo linahitaji mtambo, dereva, karani, nafasi ya kusubiri na mtu wa kulilinda. Alichokuwa akisimulia baba kilikuwa ni bandari iliyofuta kazi yote hiyo, kwa sababu mzigo haukuacha behewa lake hata kidogo. Nilipomwambia hivyo kijana alinyamaza, akafungua daftari, akachora kontena linaloning'inia na pembeni yake behewa linaloingia melini, akaweka mstari mnene kati ya michoro hiyo miwili.

Isaka pia ndiyo mahali ambapo mtu anaziona reli mbili kwa wakati mmoja. Ile ya zamani, ambayo upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000, na tuta la ile mpya ya SGR, yenye milimita 1,435. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, kilitiwa saini Januari 2021. Nilimwambia kijana aandike namba zote mbili za upana. Zilikuja kutufaa kuliko nilivyotegemea.

Shinyanga tulifika jioni. Anayeujua mji ule anajua baiskeli zake: za abiria, za maji, za mkaa, za mtu na familia yake. Karibu na tulipolala palikuwa na fundi baiskeli mwenye rundo la spoku zilizopinda, na kijana hawezi kupita penye chakavu bila kusimama. Fundi alimpa mkono mzima wa spoku bure, akamwambia, "Chukua baba, hizi hazirudi kwenye rimu." Nikazifunga kwa kipande cha mpira nikaziweka kwenye begi.

Treni ilitoka upande wa Tabora, na nilichokisikia kwanza si honi bali ardhi. Jukwaa lilitikisika taratibu chini ya viatu kabla hatujaona kitu. Kisha taa, kisha kichwa chenyewe, kikubwa kuliko nilivyokuwa nikikidhania kutokana na picha, kikitoa joto usoni kilipotupita. Kijana alirudi nyuma hatua moja, halafu akasogea mbele hatua mbili nikamshika begi. Tukapanda daraja la tatu pamoja na akina mama wenye ndoo za karanga na vijana wenye magodoro.

Kiti cha mbele yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa, aliyetoka Tabora kwenda harusini Mwanza.

"Shikamoo babu," kijana alimsalimia.

"Marahaba mjukuu wangu. Unakwenda wapi na rula ndefu hivyo?"

"Nakwenda kupima bandari."

Mzee hakucheka. Aliuliza bandari gani, akaambiwa Mwanza Kusini. Akauliza kuna nini huko cha kupimwa, akaambiwa mahali ambapo behewa linaingia melini. Hapo mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akanigeukia mimi. "Mama, mimi nimekula mshahara wa reli mpaka nimestaafu. Nilikuwa shanta." Shanta ndiye anayeyapanga mabehewa, anayaunga na kuyaachanisha, anamwonyesha dereva wa kichwa aende mbele au arudi nyuma. Sikuamini bahati yetu. Kuanzia hapo mpaka karibu na Mwanza, kijana na mzee walikuwa na mazungumzo yao, mimi nikiwa msikilizaji.

Nitaandika hapa yale niliyoyaelewa, kwa kuwa ndiyo yaliyoijenga bandari yetu.

Kwanza, kichwa cha treni hakiingii melini, wala hakikanyagi daraja linaloiunga meli na nchi kavu. Kichwa ni kizito mno, na uzito wake wote umekusanyika sehemu fupi. "Unaweka mabehewa matupu katikati," mzee alisema, akipanga karanga juu ya goti lake. "Kichwa kinabaki huku nchi kavu kinasukuma. Matupu yanafika darajani, yenye mzigo yanaingia ndani. Ukiyaachia, unarudi na matupu yako." Karanga mbili tupu, karanga tatu zenye mzigo. Kijana akazichora karanga.

Pili, hupakii upande mmoja ukaumaliza ndipo uhamie wa pili. Sitaha ya meli ina njia zaidi ya moja za reli, na ukijaza za kushoto huku za kulia zikiwa tupu, meli inalala, reli zake haziko sawa tena na reli za daraja, na behewa linalofuata litatoka njiani. Kwa hiyo unaingiza kushoto, unaingiza kulia, unasawazisha, na shanta anapaswa kujua uzito wa kila behewa kabla hajaliita. "Shanta asiyejua mzigo wake atazamisha watu," mzee alisema. Abiria aliyekaa karibu aligeuka kutusikiliza. Kanda ya Ziwa hakuna mtu mzima anayesikia maneno hayo bila kuikumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996.

Tatu, minyororo. Behewa likishafika mahali pake linafungwa kwenye sitaha, kwa sababu ziwa hili lina mawimbi ya kweli.

Nje ya dirisha nchi ilikuwa ikipita kwa mwendo ambao mtu anaweza kuiangalia. Shinyanga ni mkoa mkavu, lakini si jangwa kama wengi wasiofika wanavyodhani. Ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyatenga ili yapumzike na kuota upya, yanaonekana wazi kwa aliye juu ya behewa. Mzee alituambia kwamba enzi za mvuke tatizo kubwa la njia hii lilikuwa maji. Nakubaliana naye, maana injini za daraja la 30, zilizojengwa na North British ya Glasgow katikati ya miaka ya 1950, zilipewa tangi kubwa la maji hasa kwa ajili ya sehemu kavu za Tanganyika. Stesheni zilifuatana: Songwa, Seke, Malampaka. Kila treni iliposimama madirisha yaligeuka soko: michembe, matobolwa, mahindi ya kuchoma, maziwa mgando kwenye chupa. Nilinunua matobolwa mengi kuliko tulivyoweza kula, na sijutii. Malampaka kijana aliokota kando ya njia nyuzi za pamba zilizoanguka kutoka kwenye mzigo, akazitia mfukoni.

Pamba ndiyo iliyoileta reli huku. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914, lakini tawi la kutoka Tabora kwenda ziwani lilijengwa na Waingereza, likafika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilivuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ikapanda reli ya Kenya kwenda Mombasa. Baada ya 1928 mkulima wa Kwimba au Maswa alikuwa na njia mbili za kwenda baharini, moja ya maji na moja ya chuma, na zote zikikutana Mwanza. Umuhimu wote wa bandari ile umo ndani ya jambo hilo. Mwanza si mwisho wa reli. Ni mahali ambapo reli inakutana na njia nyingine ndefu kama yenyewe.

Kuanzia Bukwimba tuta la SGR lilikuwa likitokea na kupotea kando yetu, na Fela mzee alinyanyua kidole kutuonyesha jinsi lilivyo juu. Kisha yakaanza majabali. Mtu aliyezoea kuingia Mwanza kwa basi anayaona majabali kwa mbele. Kwa treni yanakujia pembeni, karibu, na nyumba zikiwa zimekaa juu yake. Tuliagana na mzee stesheni. Aliinama akamwambia kijana jambo moja tu: apime kwanza bawaba.

Mwanza Kusini si mahali pa kutembelea kama bustani. Ni bandari ya mizigo, na tuliingia kwa barua ya shule na ruhusa, tukiwa na kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, tukiongozwa na ofisa aliyetuambia pa kusimama na pa kutosimama. Siku hiyo meli ya mabehewa haikuwepo gatini. Mwanzo kijana alisikitika. Mimi nilifurahi, kwa sababu daraja likiwa limefunikwa na meli na mabehewa huoni lilivyoundwa, na sisi tulikuwa tumekuja kwa ajili ya daraja.

Reli zinatoka yadi, zinakaribia maji, zinapita juu ya kipande kirefu cha chuma, kisha zinakatika hewani, juu ya ziwa. Kijana aliganda pale zinapokatika, au karibu na pale, kwa kuwa ofisa hakuturuhusu kusogea zaidi. Kisha akakumbuka maneno ya mzee, akageuka kutazama upande wa nchi kavu. Ndipo tulipoona jibu letu. Kipande kile cha chuma kina bawaba upande wa nchi kavu. Ncha ya upande wa maji inaweza kupandishwa na kushushwa mpaka ilingane na sitaha ya meli, kisha vinashikizwa pamoja, na kuanzia hapo daraja linafuata meli: meli ikizama kidogo kwa uzito wa mabehewa, ncha ya daraja inazama nayo. Urefu wa daraja ndio siri. Kadiri lilivyo refu, ndivyo mteremko unavyokuwa mdogo, na behewa halitambui kwamba limevuka.

Nilimwonyesha kijana alama ya maji kwenye ukuta wa gati. Ziwa hili halitulii kimo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kwa ajili ya mvua kubwa za miaka ile, mwaka 2006 likashuka mpaka watu wakaogopa, na mwaka 2020 likapanda tena likaingia majumbani. Daraja lililokazwa mahali pamoja bila bawaba lingekuwa limekwisha kazi mara nyingi. Anayedhani mhandisi wa bandari anapambana na uzito peke yake hajafikiria ziwa.

Ofisa, alipoona mtoto anaandika kila kitu, alilegea. Alituambia habari za MV Umoja, meli ya mabehewa iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1960 pamoja na mwenzake Uhuru wa upande wa Kenya, na jinsi mwaka 2018 njia ya mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell ya Uganda ilivyofufuliwa baada ya kulala kwa miaka mingi. Lakini kilichomfanya kijana aache kalamu ni habari za jinsi meli zilivyofika kwenye ziwa hili, ambalo liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na halina mto unaopitika kutoka pwani. Zilikuja vipande. MV Victoria, kwa mfano, iliundwa na Yarrow huko Uskoti, ikafunguliwa, vipande vikasafirishwa mpaka Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, na huko ikaunganishwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Meli za mwanzoni mwa karne zilifika kwa njia hiyo hiyo. Leo mambo yamegeuka kidogo: MV Mwanza Hapa Kazi Tu, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliundwa hapo hapo Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023.

"Kwa hiyo meli ya babu nayo ilikuja kwenye maboksi," kijana alisema.

Ilikuja kwenye maboksi kweli, na tangu hapo sijaona tena vitofali vile kama kitu kigeni kwa habari hii. Bandari za Ziwa Victoria zilijengwa na watu waliofungua kasha, wakatafuta kipande, wakakitia mahali pake.

Kabla ya kutoka, ofisa alimruhusu kijana kuweka rula yake kwenye reli moja iliyolala kimya yadi. Akapata mita moja, kama ilivyopaswa. Jioni, tukisubiri sato wakaangwe, tulifanya hesabu mezani. Mtu wetu wa plastiki ana kimo cha sentimita nne hivi. Mtu mzima wa kweli ni kama mara 42 yake. Basi bandari yetu ni moja kwa 42. Gawanya mita moja kwa 42, unapata milimita 23.8. Reli za buluu za kiroba zina upana wa milimita 38 hivi, na ukizidisha kwa 42 unapata zaidi ya mita moja na nusu: hata SGR haijafika hapo. Reli za buluu zingetupa bandari ya nchi nyingine. Lakini vichwa vya duara vya tofali vimepangwa kila milimita 8, na vitatu vyake ni milimita 24. Upana wa reli ya babu ulikuwa umejificha ndani ya tofali. Kijana aliruka kitini, na mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Kurudi tulipanda basi na kuvuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lile la kilomita 3 hivi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Tulivuka kwa dakika chache mahali ambapo zamani watu walilala wakisubiri kivuko. Mchana huo huo tulikuwa Geita.

Ujenzi ulianza upya. Spoku za fundi wa Shinyanga, zilizonyooshwa kwa nyundo ya mbao, ndizo reli zetu. Zimekaa juu ya mataruma ya vitofali, zimeachana kwa vichwa vitatu, na magurudumu ya kiroba tuliyahamishia kwenye ekseli fupi zilizokatwa kwa spoku hizo hizo. Kichwa cha treni kinaendeshwa na mota ya redio ya kaseti, ya volti 6, ambayo ndani yake ina kidhibiti kinachoishikilia kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika ili muziki usiyumbe. Kwa treni hiyo ni kasi ya kichaa. Kaka aliipunguza kwa mikanda ya mpira na puli mara mbili, kwanza kumi kwa moja, kisha nne kwa moja, mpaka gurudumu likabaki na mizunguko 60. Kwa kipimo chetu hiyo ni kama kilomita 9 na nusu kwa saa, mwendo ambao shanta anaweza kuufuata kwa kukimbia polepole pembeni. Kichwa kinasukuma kwa utulivu ambao sikuutarajia kutoka kwenye redio mbovu.

Ziwa ni nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu. Meli nzima isingeenea humo, kwa hiyo tumejenga kipande chake chenye mlango, juu ya dumu la mafuta ya kula lililokatwa, kwa sababu vitofali peke yake vinavuja. Daraja lina urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, lina bawaba nchi kavu kama mzee alivyoagiza, na ncha yake inapandishwa na mota ya trei ya deki ya DVD. Ukigeuza nyaya za betri, inashuka. Mizigo ya mabehewa ni betri zilizokwisha, zimefunikwa na pamba ya Malampaka iliyofungwa kwa uzi, kila robota kama ncha ya kidole.

Jambo la kwanza tulilolijaribu ni lile la mzee. Tuliingiza mabehewa ya kushoto yote, ya kulia tukayaacha. Meli ililala, reli zake zikapishana na za daraja kwa unene wa spoku nzima, na behewa la tatu likaanguka majini mbele ya watoto wa mtaa mzima. Tukayatoa, tukapakia kushoto, kulia, kushoto, kulia, na mabehewa matupu mawili kati ya kichwa na mzigo. Yakaingia yote. Hakuna somo la uzito na usawa nililowahi kufundisha ubaoni ambalo limeeleweka haraka hivyo, na mwaka huu wanafunzi wangu watajifunzia pale bandani.

Naziomba mamlaka zinazosimamia reli na bandari za ziwa zitenge siku ya kupokea shule, hasa shule za Geita na za vijiji vya Kahama ambako watoto hawana njia nyingine ya kuiona reli ikikutana na maji. Sisi tulipokewa kwa heshima kwa sababu tulikuwa wawili na tulikuwa na barua. Darasa zima lingehitaji kofia ngumu zaidi na mtu mmoja wa kuongoza, basi.

Kwa wasomaji wangu wa Geita, Katoro na Kahama, ombi langu ni dogo zaidi. Bandari bado haina winchi ya gatini, na winchi inahitaji mota mbili. Wenye redio za kaseti zilizokufa msiziuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Zileteni banda la fundi. Mota iliyomo ndani, mara nyingi, bado inazunguka.